Mkeo Hakatai Mpira, Anakataa Karatasi Uliyosaini

BARUA: Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Mbagala. Mwanangu wa kwanza ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita kwa daraja la pili, amerudi JKT mwezi uliopita, na amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea biashara. Pamoja na hayo, Mungu amemjalia mguu wa kushoto ambao Mbagala nzima inaufahamu. Wakala mmoja alimwona kwenye ndondo akaja nyumbani, akasema kuna timu kubwa inamhitaji haraka, na kwamba akienda chuo atazeeka kabla hajacheza. Tatizo ni mke wangu. Anasema mtoto athibitishe kwanza nafasi ya chuo, na mkataba upelekwe kwa mtu anayejua sheria ausome. Tangu awe mweka hazina wa kikoba amekuwa mjeuri, na nyuma yake yupo kaka yake ambaye ni mwalimu. Mimi ndiye niliyemkuza mtoto kimpira. Nilicheza ligi daraja la kwanza kabla goti halijaniharibikia, najua nafasi haiji mara mbili. Kazi yangu ya bandarini ilisimama mwaka jana, lakini mahitaji yote ya shule yalipatikana. Mbona Mbwana Samatta hakusoma chuo kikuu? Mbona Hasheem Thabeet alikatisha chuo Marekani akalipwa mamilioni ya dola? Wakala amekasirika, anakuja karibu kila jioni, naona aibu mbele ya majirani. Si kwamba nina njaa ya fedha za mtoto kama mama yake anavyodai, kwani mwezi huu nimeweza hata kununua bajaji. Nakutumia ukurasa wa mkataba uuone. Je, huku si kumwekea mtoto kauzibe? Nimfanye nini mwanamke huyu?
Baba Mwenye Uchungu, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzazi aliyewahi kuukosa mpira kwa sababu ya goti, kisha akaiona kwa mtoto wake ile nafasi iliyompita, ana haki ya kuumia anapoambiwa asubiri, nami nakupa pole kwa hilo. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako ina mambo uliyoyaandika na mengine uliyoyaruka, na yale uliyoyaruka ndiyo yaliyonifanya niisome tena.

Unasema kazi ilisimama mwaka jana. Unasema mahitaji ya shule yalipatikana, ila husemi aliyeyatafuta ni nani. Mistari michache baadaye umenunua bajaji. Mwanaume ambaye hana kazi tangu mwaka jana, na ambaye mkewe ndiye anayeaminiwa na fedha za watu, hanunui chombo cha moto mwezi uleule ambao wakala ameanza kuja nyumbani kila jioni akiwa amefura. Wakala anayemtaka mchezaji hubembeleza, huleta soda, humsifia mtoto mbele ya mama yake. Anayekuja kwa hasira ni yule aliyekwisha kutoa kitu na bado hajakabidhiwa alicholipia. Kama nimekusingizia, niandikie nami nitakuomba radhi hapa hapa kwenye safu, lakini sidhani kama barua hiyo itakuja.

Tuje kwenye ule ukurasa. Ukurasa huo unasema mchezaji atakuwa chini ya wakala kwa miaka mitano, kwamba asilimia 40 ya mapato yake yote ya mpira ni ya wakala, kwamba wakala atampeleka timu yoyote ndani au nje ya nchi, na kwamba mchezaji akitaka kujitoa atarudisha “gharama zote za malezi”. Chini kuna sahihi ya mzazi, tena iliyopigwa kwa madaha, na dole gumba la shahidi. Nimelitafuta jina la klabu sikuliona. Mshahara haumo, fedha ya usajili haimo, habari ya matibabu akiumia haimo, wala sahihi ya mwanao haimo. Baba, hiyo timu kubwa inayomhitaji mtoto haraka iko wapi? Ulichosaini si mkataba wa kucheza mpira. Ni mfano wa yule mkulima anayemuuzia mlanguzi mahindi yakiwa bado shambani kwa sababu ana shida ya leo, kisha siku ya mavuno anasimama pembeni kutazama magunia ya mwenziwe yakipakiwa.

Mkeo hajawahi kusoma kanuni za mpira, nina hakika, lakini pua yake imenusa sawasawa. Wakala wa kweli hupewa leseni na FIFA baada ya kufaulu mtihani, na leseni hiyo anaweza kukuonyesha bila kununa. Makubaliano ya uwakilishi kati ya mchezaji na wakala hayaruhusiwi kuzidi miaka miwili kwa mujibu wa kanuni za mawakala za FIFA zilizotolewa mwaka 2023, na wewe umesaini mitano. Wakala anayejiheshimu hula sehemu ndogo ya fedha ya mchezaji. Anayedai asilimia 40 ya jasho la mtoto wa mwenzake, kwetu zamani tulikuwa na jina lake, nami silitaji kwa heshima ya gazeti. Jambo moja tu limekuokoa, nalo hulijui: kijana wa miaka 19 ni mtu mzima mbele ya sheria, na sahihi ya baba yake haimfungi. Akikataa kusaini, karatasi hiyo haimgusi. Wakala atabaki akidai fedha zake, na atazidai kwako.

Sasa nimtetee mama wa watu. Umeniandikia kana kwamba amechoma viatu vya mtoto, lakini kwa maneno yako mwenyewe ameomba mambo mawili tu: nafasi ya chuo ithibitishwe, na karatasi isomwe. Wapi amesema mtoto asicheze? Mwanamke huyo amemvumilia kijana anayerudi kutoka mchangani magoti yakiwa na vumbi jekundu, akamfulia jezi, akamhifadhia chakula, na kwa mwaka mzima uliokuwa huna kazi nauli ya shule, daftari na godoro vilitoka mahali fulani. Naona kama naiona mikono iliyovitoa. Kumwita mjeuri kwa sababu ameuliza mkataba unasemaje ni kumwadhibu kwa kuwa na akili. Na huyo shemeji yako mwalimu, ungekuwa umempa karatasi aisome kabla hujaisaini, usingekuwa unanikimbilia mimi leo.

Umenitolea mifano miwili, na yote miwili inakugeuka ukiitazama kwa karibu.

Nianze na Thabeet. Kijana huyo alipita Makongo hapa hapa Dar es Salaam, akaenda kumalizia sekondari Houston, akaingia University of Connecticut na kucheza kule misimu mitatu, ndipo mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na kuchukuliwa na Memphis Grizzlies. Kwa hiyo chuo hakukiruka, bali kilimtengeneza, kwa sababu kwa wenzetu wa Marekani chuo ndicho chenye uwanja, makocha, madaktari na watazamaji wanaojaza majukwaa. Zamani waliweza kutoka sekondari moja kwa moja, na Kobe Bryant mwaka 1996 na LeBron James mwaka 2003 walifanya hivyo, lakini tangu mwaka 2006 NBA inataka mchezaji awe ametimiza miaka 19 na, kwa Mmarekani, awe amekaa walau mwaka mmoja nje ya sekondari. Siku hizi hata ile hoja ya njaa imepungua nguvu, maana tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo vya kule wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao wakiwa bado darasani. Anayekatisha chuo kule anatoka kwenye uwanja mmoja mkubwa kwenda kwenye mwingine mkubwa zaidi, huku mlango wa kurudi ukiwa wazi. Michael Jordan aliondoka North Carolina mwaka 1984 na akaipata shahada yake mwaka 1986. Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba usiku uleule wa Thabeet baada ya kuacha mwaka mmoja wa masomo, alirudi kukamilisha shahada yake Davidson mwaka 2022 akiwa tayari tajiri asiyehitaji cheti cha mtu. Na kwa kuwa umemtaja Thabeet kwa ajili ya mamilioni, basi utaje pia kwamba msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa wa 2013/14, naye alikuwa na miaka 27 tu. Simkejeli, kwani ndiye Mtanzania wa kwanza kufika huko na heshima hiyo haifutiki. Nakuonyesha tu jinsi maisha ya mwanamichezo yanavyokuwa mafupi hata kwa aliyechaguliwa mbele ya karibu wenzake wote.

Samatta ni hoja nzito zaidi, na hapo sitakuzungusha: ni kweli chuo kikuu hakikuwa njia yake. Lakini tazama njia aliyopita. Alitoka African Lyon akaenda Simba, na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, walimchukua mwaka 2011 baada ya kukutana naye uwanjani katika Ligi ya Mabingwa Afrika, yaani walimwona akifanya kazi mbele ya macho yao. Hakusimuliwa na mtu wa kijiweni. Akakaa Lubumbashi miaka, akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015 na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Alikuwa na miaka 23. Kijana wako akianza chuo mwaka huu, kwa umri huo atakuwa na shahada ya miaka mitatu kabatini. Aston Villa ya Uingereza ilikuja Januari 2020. Wewe umeona Villa na Uwanja wa Wembley, hukuiona ile miaka ya Lubumbashi, na wala hukujiuliza wako wapi vijana wengine waliokuwa mazoezini naye akiwa na miaka 18.

Na ungetafuta wanamichezo wetu wengine ungewakuta wengi waliokuwa na kitu kingine mgongoni. Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule El Paso, Texas, katika miaka aliyotikisa mbio za vyuo vya Marekani na kuleta medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Filbert Bayi, naye mkimbiaji, alikuwa mwanajeshi, na jina lake leo wazazi wa Kimara na Kibaha wanalijua kwa shule. Alphonce Simbu, aliyetuletea ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ. Hakuna kati yao ambaye siku misuli ikigoma angeanza kuwaza atakula nini jioni.

Sitaki unielewe kwamba namwambia kijana aende Mlimani akae miaka mitatu kisha ndiyo aanze kuulizia viatu vyake. Mpira wa miguu hausubiri, na wala mpira wetu haupiti vyuoni kama mpira wa kikapu wa Wamarekani. Miaka ya 19 hadi 22 ndiyo anayokomaa mchezaji, na ni uongo kumwambia atairudisha baadaye. Pia ni uongo kumwambia kwamba masomo ya kutwa yanakwenda vizuri na Ligi Kuu, ambako leo timu iko kambini, keshokutwa iko kwenye basi kuelekea mkoa wa mbali, na mtihani wa chuo haumsubiri mtu aliyekwama njiani. Hapa ndipo ulipokuwa na hoja, ukaiharibu kwa tamaa. Ingekuwa kuna klabu yenye jina, yenye mkataba unaosomeka, ningekaa upande wako na kumwambia mkeo kijana ajiunge, aombe chuo kimwahirishie mwaka kwa utaratibu wake, akajaribu, na ikiwa mwaka hautoshi basi kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu ambao kazi haiwaruhusu kukaa darasani kila siku. Mchezaji anaweza kusoma akiwa kambini. Wenzake wanapocheza karata, yeye afungue moduli.

Lakini klabu haipo. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba chuo kisirukwe. Usiache mbachao kwa msala upitao, na huu wako hata msala si msala, ni kivuli chake.

Klabu ikijitokeza kweli, naye aendelee kucheza ili imwone, mkataba usomwe na wakili kabla kalamu haijatoka mfukoni. Aangalie unaisha lini, kwa sababu miaka mitano ni mingi kwa kijana ambaye hajajua thamani yake. Suala la Feisal Salum kutaka kuuvunja mkataba wake na Yanga lilianza Desemba 2022 likaja kumalizika Juni 2023 alipohamia Azam, na yule alikuwa mchezaji wa timu ya taifa mwenye jina na watu wa kumsemea. Mwanao angekuwa na nani? Aangalie mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, fedha ya usajili inalipwa lini, akiumia goti nani atalipa upasuaji na kama mshahara utaendelea, na mchango wake wa NSSF unapelekwa, asilimia 10 kwake na asilimia 10 kwa mwajiri, maana wachezaji ni wafanyakazi kama wewe ulivyokuwa bandarini. Ajue pia kwamba kanuni za FIFA zinampa mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuiandikia klabu, kuipa siku 15, na kuuvunja mkataba ikiwa haijalipa. Vijana wengi wanadaiwa kodi na wenye nyumba huku wakiogopa kudai haki yao kwa kuwa hawajui kuwa wanayo. Wewe mwenyewe, mchezaji wa zamani, goti lako lilitibiwa na nani? Hukuandika, nami nadhani najua.

Kuna jambo la ndoa hapa ambalo silikwepi, kwa kuwa barua za namna hii zimekuwa nyingi. Wanandoa wa siku hizi wanaishi chini ya paa moja kila mtu na mfuko wake na siri yake, mume ana simu yenye nywila, mke ana kikoba, na mtoto mwenye kipaji anakuwa mali ya yule atakayewahi kumkamata mkono. Zamani mahari ya binti haikupokelewa na baba peke yake kijiweni. Wajomba walikaa, shangazi walikaa, mama aliulizwa. Leo baba anapokea fedha ya mguu wa mwanawe bila hata mama mzazi kujua, kisha anaandika gazetini kwamba mke ni mjeuri. Mkeo hajapata kichwa kikubwa kwa sababu ya kikoba. Amepata hofu kwa sababu kuna fedha imeingia nyumbani asiyoijua ilikotoka, na mwanamke aliyezoea kuhesabu fedha za wenzake shilingi kwa shilingi huitambua haraka fedha ya namna hiyo.

Na katika barua ndefu kama yako, mtoto mwenyewe hajasema hata neno moja. Nimeambiwa anavyopiga mpira, nimeambiwa wakala anasema nini, mjomba anasema nini, Mbagala inasema nini. Yeye anataka nini? Alijaza mwenyewe maombi ya chuo, akachagua biashara, akafaulu daraja la pili huku akicheza ndondo. Huyo si kijana asiyejua anachokitaka. Mketisheni leo wewe na mama yake, mezani na si mlangoni, mumuulize, na atakapokuwa anajibu wewe unyamaze, kwa sababu atakutazama usoni kabla ya kila sentensi ili ajue kama jibu lake limekuudhi. Akisema anataka mpira kuliko chuo, basi atafute klabu kwa njia niliyoieleza, huku nafasi yake ya chuo ikiwa imethibitishwa. Athibitishe sasa kabla dirisha halijafungwa, na kama ana maombi Bodi ya Mikopo ayafuatilie asiyaachie njiani.

Kuhusu swali lako la mwisho, umfanye nini mwanamke huyu: mwombe radhi. Mweleze habari ya fedha ya wakala wewe mwenyewe kabla wakala hajamweleza kwa sauti mbele ya majirani, maana jioni moja katika hizi atafanya hivyo. Usiuguse mfuko wa kikoba kulipia deni hili, hata kwa kukopa. Fedha ile ni ya kina mama wengine na haikuwahi kupanda bajaji yako. Mwite wakala mchana, shemeji yako mwalimu akiwepo, mrudishie alichokupa, na akuandikie karatasi kwamba hakudai na kwamba ile ya kwanza imefutwa. Bajaji iuzwe wiki hii, kwa kuwa kila siku inayoendeshwa inashuka bei, na kitakachopungua ukitafute wewe kwa kibarua chochote kitakachokubali goti lako.